Wakuu, fedha za kufundisha kaya kutenganisha taka na kuwafunza vijana kazi hii zinapatikana wapi?

Kijana wa Keko

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana wazoa taka hapa Temeke. Tuko kumi na wanne, watano wanawake. Tuna guta moja, mikokoteni miwili na kibanda cha mabati tunachopangia makopo, yaani chupa za plastiki. Ada ya taka tunakusanya wenyewe mlango kwa mlango, na anayeijua kazi hiyo anajua: huku "mwenye nyumba hayupo", kule "pita mwisho wa mwezi", na ukipita mwisho wa mwezi unaambiwa mbona jana hamkuja.

Kinachotuumiza ni kwamba taka zinatoka ndani zimeshachanganywa. Maganda ya ndizi, pampasi, chupa za maji, mchanga wa kufagia uwanja, vyote kiroba kimoja. Makopo tunayapata, ila yameloa mchuzi, na mnunuzi akiyaona hivyo anakata kilo. Sasa tunataka mambo mawili. Kwanza kaya za mtaa wetu zifundishwe kutenganisha. Pili tuchukue vijana wengine ishirini walioko kijiweni, tuwafunze kazi yenyewe: kupanga plastiki kwa aina, kutengeneza mboji, kuendesha mashine ya kusaga. Iwe ajira, isiwe kuokota okota.

Huko nyuma lilishakuja shirika moja. Semina ukumbini, fulana, kofia, soda, nauli ya kurudia nyumbani. Picha zikapigwa mpaka za kutoka geti. Haukupita muda, viroba vikarudi vilevile. Fulana zipo mpaka leo, nyingine ndiyo dekio.

Tukaandika andiko la mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri. Jumla milioni 18: milioni 11 semina na mafunzo, milioni 7 mashine. Limerudishwa, tumeambiwa mafunzo si mradi wa uzalishaji. Sasa nauliza, elimu ya taka anafadhili nani? Au ndiyo mpaka tumsubiri tena mwenye fulana?

Jembe Butu

Hiyo ni kazi ya manispaa. Ushuru wanachukua, leseni wanachukua, halafu kufundisha wananchi mfundishe nyie wenye guta moja? Tulieni, subirini mradi wa serikali.

Bi Mizani

Marahaba mwanangu. Jembe Butu, huyu akisubiri huo mradi masika yatamkuta mitaro imeziba. Tuendelee.

Mimi ni mnunuzi. Nina mizani na ua wangu Mbagala, nanunua makopo na plastiki ngumu tangu kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Juni 2019. Kwa hiyo nitasema ya upande wa mizani, ya ofisini watasema wenye ofisi zao.

Huyo aliyekurudishia andiko amekutendea wema. Mkopo hata usipokuwa na riba ni deni, na deni hulipwa kwa kitu kinachouzika. Semina ya milioni 11 utamuuzia nani? Mngeupata ule mkopo, miezi michache mbele mngekuwa mnachangishana mifukoni kulipa marejesho ya soda mlizokwisha kunywa. Vikundi vilivyokufa hivyo ninavijua, na wenyeviti wake wamehama mtaa.

Basi ikate hiyo bajeti vipande. Mashine, mizani, guta la pili, turubai, hivyo ni vya mkopo, maana kila kimoja unaweza kunionyesha kitaongeza kilo ngapi. Elimu na mafunzo vitafutie fedha isiyorudishwa, au uvifanye kwa namna isiyotaka fedha nyingi. Na hapa ndipo nina neno.

Unataka kuwafundisha nini hasa? Ukiniambia "umuhimu wa kutunza mazingira", mimi nasinzia na mama yeyote wa uswahilini atasinzia. Njoo ukae uani kwangu asubuhi moja, uone mizigo ninayoikataa. Masomo yako ni hayo. Chupa yenye maji ndani naikata, kwa sababu sinunui maji. Chupa angavu zikichanganywa na za kijani au za kahawia, bei ya mzigo wote inashuka. Kizibo na chupa ni plastiki mbili tofauti: zikishasagwa na kutiwa majini, chenga za kizibo huelea na za chupa huzama, ndivyo zinavyotenganishwa. Ukiniletea vyote pamoja, kazi hiyo ataifanya mwingine na gharama yake imo kwenye bei ninayokupa wewe. Chupa isiyobanwa ni hewa. Kilo moja ni chupa ndogo sitini na zaidi, sasa jaza kirikuu kizima chupa zilizovimba uone kama hata hela ya mafuta itarudi. Ndoo, mabeseni na madumu ni fungu lake, mnunuzi wake, bei yake. Pampasi haina mnunuzi, na msiwadanganye watu kwamba ipo siku itampata.

Kwa hiyo somo la nyumbani ni dogo mno: mwaga, bana, weka pembeni. Vyombo viwili tu, cha taka mbichi na cha kavu. Ukipeleka ndoo tano za rangi tano kwenye nyumba yenye wapangaji saba na bomba moja, watazifulia nguo, na mimi nisingewalaumu.

Halafu usiishie kwenye makopo kwa sababu tu ndiyo yenye hela ya haraka. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani mijini kwetu ni mabaki ya chakula na majani. Hizo ndizo nzito, ndizo zinazooza na kunuka, ndizo zinazolipiwa mafuta mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi. Kiroba cha maganda kikibaki mtaani kikawa mboji, au chakula cha funza wa kulishia kuku, umeshaokoa nauli yake hata kabla hujauza kitu. Kinondoni wana kiwanda cha mboji kule Mabwepande, kilijengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Ombeni barua mwende mkaangalie. Mafunzo ya namna hiyo gharama yake ni nauli na chapati.

Fedha isiyorudishwa: kuna ruzuku ndogo ndogo za Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ule unaoitwa GEF, zinapitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na hutolewa kwa vikundi na asasi kama nyie. Kwa miaka mingi dari lake lilikuwa dola 50,000 kwa mradi, lakini usiende na tamaa ya dari. Wanahesabu mchango wenu usio wa fedha taslimu. Kibanda chenu, guta lenu, saa mnazofanya kazi, vyote vitiwe thamani viandikwe. Kikundi kilichokwisha kuweka chake mezani hakionekani ombaomba. Na kampuni kubwa zina fungu la kusaidia jamii, ila kwao ombeni vitu kwa majina: glovu jozi ngapi, buti saizi gani, mizani ya kilo ngapi. Mkiomba "uwezeshaji" watawaletea fulana.

Afisa Mstaafu

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii ngazi ya kata miaka mingi, sasa napumzika. Niongeze kidogo kwenye ya Bi Mizani.

Ile asilimia kumi inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Tangu 2018 imo kwenye sheria, si hisani ya mkurugenzi. Aprili 2023 ilisimamishwa kwa sababu fedha nyingi zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri kumi zilichaguliwa kuanza majaribio ya kupitisha mikopo benki, Jiji la Dar es Salaam likiwemo, yaani Ilala ya zamani. Temeke haikuwemo kwenye zile kumi, kwa hiyo usisikilize maelekezo ya rafiki yako wa Buguruni ukadhani ndiyo yako. Nenda kwa afisa wa kata yako.

Baada ya yaliyotokea, anayepitia andiko leo anatafuta kitu kimoja: hela itarudi kutoka wapi. Kwa hiyo ambatisheni barua ya mnunuzi, inayosema atanunua aina gani, katika hali gani, mara ngapi kwa mwezi. Maandiko niliyopitia yalikuwa na kurasa nyingi za utangulizi kuhusu mabadiliko ya tabianchi na hakuna hata mstari mmoja wa mnunuzi. Hao wanawake watano wakitaka kuanzisha mboji au ufugaji wa funza, wana dirisha lao la asilimia nne, alimradi jina la mtu mmoja lisionekane vikundi viwili. Huko ndiko hasira za wakaguzi zilikoanzia.

Kuhusu mafunzo ya ajira, nikuonye mapema usipoteze nauli. Mfuko wa kuendeleza ujuzi uliosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania ulielekezwa kwenye sekta sita: kilimo, utalii, uchukuzi, ujenzi, TEHAMA na nishati. Taka haikuwemo, na fedha zilipitia vyuo. Mlango mnaoweza kuusukuma ni urasimishaji wa ujuzi kupitia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ule wa mtu aliyejifunzia kazi mtaani kupimwa na kupewa cheti. Yupo kijana wako anayechomelea au anayerekebisha injini ya guta? Huyo ndiye wa kuanza naye.

Jembe Butu ana hoja pia, tusimcheke. Kule Pune, India, kuna ushirika wa waokota taka unaoitwa SWaCH. Tangu 2008 una mkataba na halmashauri ya jiji: kaya zinamlipa mzoaji ada yake moja kwa moja mlangoni, na halmashauri inabeba uratibu, vifaa na mafunzo. Mgawanyo huo mimi ndio ningewashauri mwombe kwenye mkataba wenu ujao. Msiombe fedha ya elimu kama msaada. Iandikeni kama kifungu cha mkataba, kwamba halmashauri itachapisha matangazo, itampa mtendaji wa mtaa jukumu la kuitisha kaya, na itawapa nafasi ya kupangia taka bila kodi. Ardhi ya kupangia taka hapa mjini ina thamani kuliko semina kumi.

Mvita Tu

Hamjambo wenzetu wa bara. Hapa Mombasa na Kenya kwa jumla sheria tunayo: ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka inamtaka kila mtu atenganishe zinazooza na zisizooza, na kaunti ziweke vituo vya kupangia. Tena zikaja kanuni za 2024 za kuwabebesha watengenezaji na waingizaji bidhaa gharama ya taka zao. Karatasini mambo mazuri kabisa. Lakini nenda sokoni Kongowea uone nani anatenganisha nini.

Pesa za vikundi zilizotufaa huku ni za FLLoCA, mpango wa kufadhili kazi za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, zinazoshushwa kaunti mpaka wadi. Kamati ya wadi ndiyo inayosema twataka nini. Uzuri wake ni kwamba wanaokaa kwenye kamati ni majirani zako, na ubaya wake ni huohuo.

Na kuhusu elimu, mtanisamehe, mimi sijaona darasa lililofunza watu kama lile jahazi la Lamu, Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa kandambili kuukuu. Lilishushwa majini 2018, na 2019 likasafiri kwa tanga hadi Unguja. Watoto walikuwa wanaligusa wanauliza hii ni kandambili kweli? Waliounda ni mafundi wa jahazi, watu wa randa na tezo, wakajifunza mbao mpya. Hapo elimu na ajira vilikuwa kitu kimoja. Nyie wa Keko si ndiyo mtaa wa mafundi samani? Hao seremala jirani zenu mmewauliza wanaweza kufanyia nini ubao wa plastiki?

Kijana wa Keko

Shukrani sana wakubwa. Barua ya mnunuzi hatukuwaza kabisa, na la seremala limenikaa kichwani, nitaenda kuwauliza.

Bi Mizani, naomba nikusumbue mawili. Semina tukiiacha, kaya zaidi ya mia tano tunazifundisha vipi? Mikutano ya mtaa watu hawaji. La pili, vijana wa kijiweni. Kila nikiwagusia mafunzo swali la kwanza ni "posho shilingi ngapi?" Nikisema hakuna, wanarudi kwenye drafti. Je, niweke posho kwenye andiko au itaonekana tunarudi kulekule?

Jembe Butu

Wakilipwa posho ndiyo mtawajua vizuri.

Bi Mizani

Husumbui.

Mkutano wa mtaa hata wakija, wanaokuja si wenye taka. Anakuja mwenye nyumba, anakuja mzee aliyestaafu, anakuja anayegombea uenyekiti. Kiroba kinabebwa na dada wa kazi, na mtoto aliyerudi shule, na mpangaji wa chumba cha uani ambaye saa ya mkutano yuko kwenye daladala. Dada wa kazi hakuna anayemwalika popote, na akiacha kazi ameondoka na somo lake, anakuja mwingine kutoka kijijini ambako maganda yalikuwa yanatupwa shambani na yalikuwa yanafaa. Kwa hiyo elimu yenu haina siku ya kuhitimu. Ni ya kila zamu.

Mwalimu ni yule anayepokea kiroba mlangoni. Achague mtaa mmoja mfupi, nyumba chache kwanza, ahakikishe zimeshika kabla hajavuka kwenda mtaa wa pili. Afungue kiroba mbele ya aliyekileta, aseme neno moja zuri au moja la kurekebisha, kwa jina lake. "Dada Zai, leo chupa zako safi, ila hii ina mafuta." Basi. Wasichana wenu wataifanya kazi hii vizuri kuliko nyie wavulana, kwa sababu wanaruhusiwa kufika hadi jikoni. Na wao walipwe zaidi kidogo kwa hilo, msiwaachie sifa tu. Ndiyo mshahara wa elimu huo, mwanangu, uandike kwenye andiko la ruzuku hivyo hivyo: walimu wa mlangoni wawili, miezi kadhaa, shilingi kadhaa. Mfadhili mwenye akili atauelewa upesi kuliko "kongamano la wadau".

Kuna wanaoshauri kupunguza ada kwa nyumba inayotenganisha. Mimi sipendi. Daftari la punguzo linageuka ugomvi, huyu kilo tatu, yule mbili na nusu, jirani anahamisha chupa za jirani. Bora nyumba zilizotenganisha zizolewe kwanza asubuhi, zilizochanganya zingoje mchana wakati jua linawaka na inzi wamefika. Watajifunza wenyewe.

Sasa vijana. Kuuliza posho si uroho. Anayeshinda kijiweni akipata kibarua cha kubeba mchanga ndiyo kala siku hiyo, ukimweka darasani wiki mbili umemnyima mlo. Kazi yetu huanza alfajiri. Watoke na nyie raundi ya asubuhi wapate chochote, kisha saa nane hadi saa kumi wajifunze kibandani mikono ikiwa kwenye makopo. Chakula cha mchana kiandikeni wazi wazi kwa jina la chakula. Msikifiche ndani ya "uratibu", hapo ndipo mnapoonekana wezi wakati mnakula maharage.

Lakini ishirini ni wengi. Una guta moja. Kazi iliyopo kwako leo ni ya wanne au watano wa ziada, ukibahatika. Ukifunza ishirini na nafasi ziko tano, wale kumi na tano umewafundisha kukuwahi makopo mtaani kwako. Chukua watano. Wakishapata mzigo wa kutosha kununua guta la pili, chukua watano wengine. Mfadhili akikulazimisha ishirini kwa sababu ripoti yake inataka namba, mwambie watano wenye kazi baada ya mwaka ni namba pia. Akikataa muache aende.

Na kabla ya somo lolote, sindano ya pepopunda, glovu na buti. Wembe na sindano za hospitali zinatoka kwenye viroba vya nyumbani, sijui watu wanadhani vinakwenda wapi. Hilo liwe mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya mashine.

Mashine yenyewe, achana na ya kusaga kwa sasa. Inakula umeme, visu vyake vinaisha, na chenga chafu hakuna anayezitaka. Anza na ya kubana, fundi wa kuchomelea hapo Keko anaweza kukuundia ya jeki ya mkono, uone kama mzigo wako unafika wa kuijaza. Ukifika, ndiyo uandike mkopo.

Barua ya mnunuzi nitakuandikia mimi, ya makopo na ya plastiki ngumu. Ila usije na maneno, njoo na viroba viwili: kimoja cha nyumba zilizotenganisha, kimoja cha zilizochanganya, nivipime vyote mbele yenu, bei ziandikwe kwenye barua hiyo hiyo. Bajeti mpya ukishaiandika iweke hapa, majina ya watu toa, Afisa Mstaafu aikate upande wake na mimi wangu.